Zimwi Likujualo

Mama Ndahani hakupiga hodi. Aliingia ofisini kwa Nyemo Chilongani viatu vikiwa mkononi, akaketi sakafuni ilhali viti vilikuwepo, jinsi wanavyoketi watu waliokuja kuomba kitu kisicho na bei.

"Mwalimu, mwanangu anakaa mezani kesho," alisema.

"Nimesikia, mama. Inuka basi, kaa kwenye kiti."

"Hapa panatosha. Wanasema zimwi lake litashikwa na Mgaya."

Mgaya alikuwa mshika zimwi kama Nyemo, na Kibakwe Chini nzima ilimjua kwa jambo moja: mazimwi yake yalikuwa na njaa, yote, siku zote. Njaa ni rahisi kuishika. Haina mawazo mengi, inakula kilicho karibu, na karibu wote waliokaa mezani na Mgaya walikuwa wamekwisha pandishwa Juu.

"Mchukue wewe," mama alisema. "Ulimfundisha huu mchezo angali anafutwa kamasi. Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakuwa wajinga."

"Sijawahi kumpendelea mtu mezani, mama. Na hata nikitaka siwezi. Utepe hauruhusu."

"Nani kasema umpendelee? Umjue tu. Mgaya hamjui." Mama alivuta kanga yake mabegani. "Ndugu zake waliondoka na homa, wewe mwenyewe ulikuja kuzika. Nimebaki na huyu. Nakuomba kama mwanangu wa kuzaa, mshike wewe."

Nyemo alikuwa na majibu mengi ya kiofisi kwa maombi ya namna hiyo, na alikwisha kuyatumia kwa akina mama wengine bila kutikisika. Safari hii aliyaacha. Alisema tu, "Haya, mama. Nitaomba nipewe mimi."

Kosa la Ndahani halikuwa na ubishi. Alikuwa fundi bomba. Kata ya Nne ilipofungwa kwa homa, Baraza lilikata na maji yake, ili ugonjwa ufe na wenye nao. Ndahani akaenda akafungua koki. Watu wa Kata ya Nne wakanywa. Tangi la mashariki likashuka, na upande wa pili wa mji wazee wawili wakafa kwa kiu wakingoja zamu yao. Kwa hiyo nusu ya mji ilimwita mkombozi na nusu ilimwita muuaji, na hakuna upande uliokuwa ukisema uongo. Adhabu ya wizi wa maji ilikuwa moja tu. Unapandishwa ngazi ya chuma mpaka juu ya ardhi, mlango unafungwa chini yako, na jua linamalizia kazi. Serikali haikuwahi kuajiri mnyongaji.

* * *

Zamani mchezo ulikuwa mchezo. Nyemo alikuwa na sinia pana la mchanga barazani kwake, vinyago vya udongo na dadu za mfupa, na watoto wa mtaa walimiminika kila jioni kuja kuhangaishwa na mazimwi yake. Waendesha mchezo wengine walikuwa na mazimwi ya kuchinjwa tu, yamesimama pangoni yakingoja upanga kama kuku wa sikukuu. Ya Nyemo yalitaka vitu. Fisi wake hawakupigana mpaka kufa. Wakijeruhiwa walikimbia, wakarudi baadaye wakati wasafiri wa mchezo wamechoka na moto umefifia. Joka lake halikulalia dhahabu, maana joka dhahabu lifanyie nini? Lililalia dimbwi la mwisho la maji, na lilikuwa tayari kuzungumza.

"Kabla hujauliza zimwi lina meno mangapi," aliwaambia watoto, "uliza lina kiu ya nini."

Ndahani alikuwa mkaidi kuliko wote, na yeye ndiye aliyelipeleka somo hilo mbele kuliko mwalimu wake. Ukishajua zimwi linapenda nini, alisema siku moja, huna haja ya kulipiga zimwi. Piga kile linachokipenda, lenyewe litajileta. Nyemo alimpigia makofi mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo alilifundisha jambo hilo kwa kila mtoto aliyekaa barazani pake, na kila mara alimtaja Ndahani kwa jina.

Kisha ikagundulika kuwa mahakimu wa Kibakwe Chini walikuwa wakiuza hukumu kwa madebe ya maji, na watu wakaichoma mahakama. Baraza likatafuta hakimu asiyehongeka. Mjumbe mmoja, ambaye wanawe walikuwa wamelia sana barazani kwa Nyemo, akasimama akasema hakimu ana tumbo na ana shemeji, lakini zimwi la yule mwalimu halimjui mtu. Watu walicheka. Mwaka haukuisha kabla mshtakiwa wa kwanza hajakalishwa mbele ya sinia.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Mshtakiwa anapewa vinyago vitatu, na kimoja tu kikifika ng'ambo ya sinia, yuko huru. Zimwi liko katikati. Mshika zimwi anaapa faraghani zimwi lake lina kiu gani, na mshtakiwa haambiwi. Inambidi aisome kwa matendo, kama walivyokuwa wakifanya watoto.

* * *

"Inamisha kichwa, Mgogo," alisema Kalinga. "Leo si siku ya kuomba sadaka."

"Funga utepe, Mhehe, uende zako ukale mbwa."

Huo ulikuwa utani wao wa kila siku, na wote wawili waliutoa kwa mdomo mkavu. Kalinga alikuwa fundi wa Chumba cha Kiapo, na ndiye aliyeubuni utepe: mkanda mwembamba wa shaba unaofungwa kipajini na kusoma ubongo. Hausomi mawazo. Kalinga mwenyewe alikuwa akisema hajui mawazo yanakaa wapi. Unasoma tamaa. Mshika zimwi akisema zimwi linauma, utepe unaangalia kama ndani yake kuna kitu kinachotaka kuuma, na kama kitu hicho ndicho kilekile alichokiapia. Vikienda pamoja, taa kubwa iliyoning'inia juu ya sinia inawaka kijani na ukumbi mzima unaona. Vikianza kuachana, njano. Vikiachana kabisa inawaka nyekundu, na hapo zimwi linachukuliwa na mashine. Mashine haina kiu yoyote. Inacheza ili ishinde, na ilikuwa haijawahi kushindwa.

Ndiyo maana kiu haiigizwi. Mshika zimwi huichota moyoni mwake. Kwa mazimwi yenye njaa, Nyemo alikuwa akichota kwenye ule mwaka wa ukame, alipokuwa binti mdogo anayelamba masizi ya sufuria. Ulikuwa umemtosha kwa miaka. Sasa alifumba macho akaenda kwingine. Hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni Ndahani wa miaka tisa, ameshika dadu kwa mikono miwili na kuzipulizia, anabishana kuhusu sheria mpaka sauti inamkauka, analala juu ya mkeka huku bado amekumbatia kinyago. Alimchukua huyo mzima mzima akamweka ndani ya zimwi.

"Zimwi ni jike," alisema. "Lina mwili wa kenge na ukubwa wa nyumba. Lina mayai matatu na linataka yaanguliwe. Halitaki nyama, halitaki kumshinda mtu. Anayepita mbali na kiota, na apite."

Taa ndogo ya chumbani iliwaka kijani.

Kalinga alijifanya anakaza kishikizo cha utepe, kumbe alitaka kusema naye karibu na sikio. "Yule binti mfua nguo wa mwezi uliopita ulimpa njaa. Naye alikuwa na mama."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nini, Kalinga? Nimrudishe?"

"Hapana. Nilitaka ujue kwamba na mimi nimeona."

Maneno hayo yalimchoma Nyemo kwa sababu yalikuwa ya kweli. Binti mfua nguo alikuwa ameiba ndoo moja. Angeweza naye kupewa zimwi la mama, zimwi la mzee aliyechoka, zimwi lolote lenye mlango wa kutokea, na Nyemo hakulifikiria hata kidogo, kwa kuwa binti yule hakuwa wake. Aliona aibu. Lakini aibu haikumfanya abadili kiapo.

Bi Sechelela, Mkuu wa Meza, aliingia kukisikiliza kiapo kilichorekodiwa na kukipitisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti laini na pipi za tangawizi mfukoni, na ilisemekana hajawahi kumfokea mtu maishani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho huku amefumba macho. Nyemo alijiandaa kubishana.

"Mama na mayai yake," alisema Sechelela. "Limenigusa."

"Mheshimiwa hana pingamizi?"

"Nipinge nini, mwanangu? Mwenye njaa hushiba. Nimengoja sana siku utakayoniletea zimwi lisiloshiba."

Nyemo alikuwa na haraka ya kushukuru, akashukuru. Sechelela akampa pipi.

* * *

Ukumbi ulifurika. Mama Ndahani alikuwa benchi la mbele, peke yake, kwa kuwa wenye busara hawakai karibu na mama wa mshtakiwa. Ndahani aliletwa na askari wawili. Alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, lakini alipoona sinia uso wake ukafunguka kidogo, hakujizuia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ndahani. Hujambo?"

"Sijambo. Naona leo ni wewe."

"Ni mimi."

Mchanga ulikuwa umefinyangwa kuwa korongo. Upande wa kulia palikuwa na njia fupi iliyopita kando ya tundu lenye giza, na zimwi lilikuwa limelala mlangoni mwake. Upande wa kushoto palikuwa na uwanda mtupu, mrefu, usio na hata jiwe la kujifichia. Vinyago vya Ndahani vilisimama ukingoni: Mbeba Mwenge, Mpiga Upinde na Mkimbiaji. Mtu yeyote aliyewahi kuucheza mchezo huu angesema uwanda ni kaburi. Humo ndimo zimwi huwinda.

Ndahani alianza kwa kupima, kama alivyofundishwa. "Mkimbiaji anaingia uwandani hatua chache. Anasimama."

"Zimwi linainua kichwa," alisema Nyemo. "Linamtazama. Linashusha kichwa."

Kijani. Ndahani alikunja uso. Zimwi limemwona mtu mahali peupe na halikumfuata. Akajaribu upande mwingine. "Mbeba Mwenge anasogea kulia, karibu na tundu."

"Zimwi linasimama. Linafungua kinywa, lakini halimwendei. Linauweka mwili wake katikati, kati ya mwenge na tundu."

"Mbeba Mwenge anarudi nyuma."

"Linakaa."

Kijani, kijani. Ndahani alilitazama tundu kwa muda, kisha akainua macho na kumtazama mwalimu wake, na lile tabasamu la barazani likamjia usoni, tabasamu la mtoto aliyejua jibu kabla ya wenzake. Ameona, Nyemo aliwaza kwa faraja. Ameona kuwa halimtaki. Sasa apite kushoto na watu wake wote watatu, apite tu, atoke nje, akaishi.

Ndahani alikuwa ameona, kweli. Aliona kuwa humo tunduni kuna kitu kinachopendwa, na aliona kuwa mwalimu wake amemwonyesha kwa makusudi.

"Mkimbiaji na Mpiga Upinde wanakwenda uwandani kwa kasi," alisema. "Mbeba Mwenge anakimbilia tunduni. Anapiga kilichomo."

Nyemo hakuwa na ruhusa ya kusema neno lisilo la mchezo. Ndahani alizipulizia dadu, akazirusha, zikampendelea.

"Yai moja linapasuka," alisema Nyemo.

Watu waliguna. Baadhi walianza kupiga makofi, maana hila ilikuwa nzuri na waliielewa. Lakini Nyemo aliisikia kifuani, mahali halisi pa mwili, kama mtu aliyepigwa teke. Mle ndani ya yai alikuwa amemweka mtoto wa miaka tisa, na hakuwa na namna ya kumtoa tena. Hakuamrisha mkono wake kuzichukua dadu. Mbeba Mwenge alianguka papo hapo, na taa ilikuwa kijani.

Bado mambo hayakuwa yameharibika. Mayai mawili yalikuwa mazima. Vinyago viwili vilikuwa katikati ya uwanda, na ng'ambo ilikuwa ikionekana. Nyemo alijiuliza zimwi linataka nini, akajiuliza kwa uaminifu wote, na jibu lilikuja bila kusitasita.

"Zimwi haliwafuati," alisema. "Linarudi tunduni. Linayafunika kwa mwili wake yale mawili yaliyobaki."

Kijani safi. Mama Ndahani aliweka kiganja mdomoni. Kalinga, kwenye kiti chake cha fundi, alipumua kwa sauti. Hata askari waliona: zimwi limekaa, njia iko wazi, kilichobaki ni kutembea.

Ndahani peke yake hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote waliomo ukumbini. Zimwi la Nyemo lililojeruhiwa halisamehe, alijua. Linarudi nyuma, linangoja, halafu linakuja wakati umegeuka mgongo. Aliwakumbuka fisi. Kukimbia uwandani huku mama aliyefiwa yuko nyuma yako ni ujinga ambao mwalimu angemcheka. Lazima lizuiliwe palepale lilipo.

"Mkimbiaji anaendelea," alisema taratibu. "Mpiga Upinde anasimama. Anageuka. Anawasha mshale."

"Ndahani," alisema Nyemo.

Taa iliruka ikawa njano. Kalinga alikohoa kwa nguvu. Bi Sechelela aliinua kidole kimoja tu kutoka kwenye paja lake, akakishusha. Nyemo aliuma ulimi mpaka taa ikarudi. Ndahani alimtazama kwa mshangao mdogo, akadhani ni zimwi linalalamika, akarusha dadu.

"Mshale unaingia tunduni," alisema Nyemo. "Kiota kinaungua. Mayai yote mawili."

"Basi litabaki linazima moto," alisema Ndahani, na akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu akae.

Hakukuwa na kitu cha kuzimia moto. Kilichokuwa kimelifunga zimwi pale kilikuwa kimekwisha, na aliyelifungua ni yeye.

Nyemo alishika ukingo wa meza. Palikuwa na jambo moja bado. Alikwisha kuona misibani akina mama ambao hawakulia wala kumlaumu mtu, walijilaza tu kwenye jamvi wakageukia ukuta. Kwa nini zimwi lisiwe hivyo? Lilikuwa jambo la kweli, na alikuwa amekwisha kuliona kwa macho yake.

"Zimwi linalala kando ya majivu," alisema.

Njano.

"Linalala," alisema tena, na akamtafuta ndani yake yule anayetaka kulala. Alimtafuta kila mahali. Taa ilizidi kuiva, ikaanza kushika wekundu pembeni. Hakumpata. Aliyemkuta mle ndani alikuwa mwingine kabisa, amesimama, anamtazama kijana mwenye mashavu yaliyobonyea aliyekaa upande wa pili wa sinia, anamwona kuwa ndiye aliyemuua mtoto wa miaka tisa.

Angeweza kuiacha taa iwe nyekundu. Mashine ingelichukua zimwi na kuimaliza kazi, na mji ungesema ni mashine, na yeye angekwenda nyumbani na mikono safi. Kijana angekufa vilevile. Nyemo alilijua hilo lote, alikuwa na nafasi ya kulifikiria, na hakulitaka. Hakutaka mtu mwingine amfanyie.

"Linakwenda," alisema.

Taa ilirudi kijani kwa ghafla, kijani ambayo Kalinga baadaye alisema hajawahi kuiona kwenye mita zake.

Mpiga Upinde alianguka kabla hajauweka mshale wa pili. Mkimbiaji alikuwa amebakiza hatua moja afike ng'ambo. Nyemo alizikusanya dadu, akazitikisa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akazirusha huku meno yake yameumana. Zilipotulia, alikisukuma kile kinyago cha mwisho kwa kidole chake mwenyewe mpaka kikaanguka kifudifudi mchangani.

* * *

Mahakama ilikuwa imeirithi desturi moja kutoka barazani kwa Nyemo. Mchezo ukiisha, mwalimu hufunua kiu ya zimwi na kumweleza mchezaji alipokosea. Watoto waliipenda kuliko mchezo wenyewe.

Ndahani alikuwa bado anaangalia sinia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu upya.

"Nilikosea wapi, Mwalimu?"

Nyemo alimtazama, na hasira ya zimwi ilikuwa imekwisha kumtoka, imemwacha mtupu kama debe. Angalau hili alilimudu. "Hukukosea," alisema. "Hapakuwa na njia, mwanangu. Lilikuwa zimwi baya. Ulicheza vizuri."

Ndahani alitikisa kichwa polepole kukubali, akaonekana kupata nafuu. Na angekwenda na nafuu hiyo mpaka juu ya ngazi, kama Bi Sechelela asingesema kwa upole wake wote, "Kiapo, Kalinga. Watu wana haki ya kukisikia."

Kalinga hakusogea. Sechelela akalitaja jina lake tena, kwa sauti ileile laini, na mkono wa fundi ukaenda kwenye kitufe. Sauti ya Nyemo ikatoka ukutani, kubwa, tulivu, yenye upendo: Halitaki nyama, halitaki kumshinda mtu. Anayepita mbali na kiota, na apite.

Ndahani aligeuka kuutazama uwanda wa mchanga, ulivyo mweupe na mtupu.

"Kumbe nilikuwa napita tu," alisema.

"Ulikuwa unapita tu."

"Na wewe ulikuwa unanionyesha."

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani unanionyesha pa kupiga."

Ndahani alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu, kisha askari wakamshika kwapani. Mlangoni aliita, "Mama, usinitazame," na mlango ukafungwa. Baada ya muda mfupi walisikia chuma cha ngazi kikigongwa na viatu, juu, juu zaidi, mpaka hakikusikika.

Bi Sechelela alikuja mezani akaweka mkono begani kwa Nyemo. "Zimwi hili tutalitunza," alisema. "Mgaya na njaa zake amechosha watu. Kuanzia sasa wote watapewa mama." Alimpa pipi nyingine, akaondoka na wasaidizi wake.

Wanawake wa mabenchi ya nyuma walikuwa wameanza kulia kwa niaba ya Mama Ndahani, kwa sababu mwenyewe hakulia. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja. Alikuwa ameiona taa, kama kila mtu alivyoiona. Alikuwa amekisikia kiapo.

Hapakuwa na mtu Kibakwe Chini aliyejua kukisoma kiumbe kumshinda Nyemo, na hakuhitaji kumtazama mama yule kwa muda mrefu. Mama hakuuangalia mlango wa ngazi, alikopelekwa mwanawe. Alimwangalia Nyemo. Kisha aliuangalia mlango wa pembeni, ambao washika zimwi huutumia kutokea, na ushoroba mwembamba ulio nyuma yake, usio na askari. Kisha akamrudia Nyemo. Alikuwa anapima umbali.

Kalinga naye aliona. Alikuja haraka, akaanza kufungua utepe. "Pitia kwangu, kwenye mitambo," alinong'ona. "Nitakusindikiza mpaka nyumbani. Nyemo, unanisikia? Yule mama hana kilichombakia."

"Nimemwona," alisema Nyemo.

Alimwachia utepe mkononi, akajifuta mchanga kwenye vidole, akaelekea mlango wa pembeni bila haraka. Alipokuwa anashika kitasa alisikia benchi la mbele likilia, mtu akiinuka.